Mgeni Akiugua Tunduma, Alipe Kiasi Gani?



Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huu tumeutumia miaka nenda miaka rudi tukiwa na maana kwamba mgeni akifika nyumbani huchinjwa jogoo, na mwenyeji naye siku hiyo huonja kitoweo ambacho asingekionja. Lakini iko siku niliyousikia ukitumika mahali ambapo sikuutegemea kabisa, nako ni kwenye dirisha la malipo la hospitali moja ambayo sitaitaja. Nilikuwa nimemsindikiza kijana wa Kiholanzi aliyekuwa akisafiri kwa baiskeli kuelekea Zambia, akaanguka na kuumia mkono. Mhudumu mmoja alipomwona anakuja, alimgeukia mwenzake akasema kwa utani: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka, maana nilitambua kwamba safari hii anayechinjwa si jogoo.

Bei ya kwanza tuliyotajiwa ilikuwa ya dola. Nilipomsalimu mhudumu kwa Kinyakyusa changu cha kuombea maji, bei ikashuka na ikageuka kuwa ya shilingi. Tulipofika kwenye eksirei ikapanda tena. Mwishowe kijana akafungwa plasta ngumu, ile ambayo mitaani tunaiita hogo, akalipa, akapewa stakabadhi iliyoandikwa neno moja tu: "Matibabu." Yeye hakulalamikia kiasi alicholipa. Alikuwa na bima ya safari, na alijua kwamba kwao fedha ile isingemtosha hata kumwona daktari. Ila aliniuliza swali moja. Alitaka kujua bei yenyewe hasa ni ipi. Nami sikuwa na jibu.

Swali la kijana yule ndilo nataka tulizungumze leo, na nataka tulizungumze tukiwa tumesimama Tunduma. Tukilizungumza tukiwa Serengeti au Nungwi, tutadhani kwamba mgeni ni mtu wa namna moja, mwenye kofia ya jua na kamera shingoni, na kwamba kazi yetu ni kukadiria tu mfuko wake una uzito gani. Tunduma haituruhusu kudhani hivyo.

Kwa wale ambao hawajafika, Tunduma ni mji wa mwisho wa Tanzania katika barabara kuu iendayo Zambia, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976 na yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi, nayo hupita hapo hapo. Mji ulikuwa chini ya Mkoa wa Mbeya hadi mwaka 2016, ulipozaliwa Mkoa wa Songwe wenye makao makuu yake Vwawa. (Uwanja wa Ndege wa Songwe wenyewe, uliofunguliwa mwaka 2012, ulibaki upande wa Mbeya, jambo ambalo humchanganya mgeni hata kabla hajaugua.) Watalii wapo. Wako wanaokwenda kukitazama kimondo cha Mbozi kule Ndolezi, na wako wanaokatiza tu na magari yao kuelekea maporomoko ya Victoria. Lakini hao ni wachache ukiwalinganisha na wageni wengine wa mji ule.

Wageni wenyewe wa Tunduma ni madereva wa malori na utingo wao. Barabara ile ndiyo njia ya shaba kutoka Zambia na Kongo kwenda bandarini Dar es Salaam, na ndiyo njia ya mafuta na mizigo mingine inayorudi huko. Mtu aliyewahi kuiona foleni ya malori ikiurudia mji kwa kilomita kadhaa hadi Mpemba, madereva wamelala chini ya matela wakisubiri karatasi, atakubaliana nami kwamba hapo pana kijiji kizima cha wageni ambacho hakimo katika ramani. Wanakula hapo, wanaoga hapo, wanaumwa malaria na matumbo hapo hapo.

Kisha kuna mgeni ambaye hata ukimtazama vipi hutamtambua kuwa ni mgeni. Tunduma na Nakonde zimeshikana kama nyumba mbili zenye ua mmoja. Wanyamwanga wako pande zote mbili, kwa sababu mstari ule ulichorwa na Wajerumani na Waingereza ambao hawakumwuliza Mnyamwanga hata mmoja. Shangazi yuko Nakonde, mpwa yuko Tunduma. Sokoni shilingi na kwacha hupishana mkononi kama watoto wa familia moja. Mama wa Nakonde aliyeshikwa na uchungu usiku, akiwa amekuja kulala kwa dada yake Tunduma, utamwita mtalii?

Basi ukisema "bei ya wageni", Tunduma itakuuliza: wageni wepi?

Kabla ya kulijibu hilo, yafaa kwanza tuelewe kitu ambacho wengi wetu hatukielewi, nacho ni kwamba bei anayolipa Mtanzania katika hospitali ya Serikali si bei ya matibabu. Ni mchango. Baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilitoa tiba bure, na mwaka 1977 ikapiga marufuku hospitali za watu binafsi za kutafuta faida. Hospitali hizo ziliruhusiwa tena mwaka 1991. Kuanzia mwaka 1993 wananchi wakaanza kutakiwa kuchangia gharama katika hospitali za Serikali, wakianza na zile kubwa. Neno lililotumika lilikuwa "kuchangia", na lilichaguliwa kwa makusudi. Mshahara wa daktari, jengo, mtambo wa eksirei na sehemu kubwa ya dawa zinazotoka Bohari ya Dawa hulipwa kwa kodi na kwa misaada. Mgonjwa huongeza kidogo juu yake. Na wako wasioongeza kitu: mama wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wasio na uwezo, wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma na UKIMWI.

Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za kufanyia hesabu tu. Tuseme kumlaza mtu siku mbili, kumpima damu, kumpa dripu na dawa kunaigharimu hospitali shilingi 50,000. Mwananchi anaambiwa achangie 20,000. Zile 30,000 zilizobaki zimelipwa na mkulima wa kahawa wa Mbozi, mwenye duka wa Vwawa na wewe msikilizaji kila mnaponunua sukari. Sasa akija mtalii, ni haki naye alipe 20,000? Mimi nasema hapana. Hajachangia kodi ile, na hakuna sababu mkulima wa Mbozi amlipie matibabu mtu wa Amsterdam. Mtalii alipe 50,000 zote. Na kwa kuwa hospitali ina wagonjwa wanaoondoka bila kulipa, na ina kazi ya ziada ya kuandika karatasi za bima, hata ukimwongezea elfu tano au kumi sitakupigia kelele.

Lakini akiambiwa alipe 200,000, hiyo si bei tena. Hiyo ni kodi ya sura.

Najua hapa wako watakaoniambia: mbona katika hifadhi zetu tunafanya hivyo hivyo? Ni kweli. Mgeni anayeingia Serengeti hulipa zaidi ya dola 60 kwa siku, na Mtanzania hulipa shilingi chache tu, wala hakuna anayeona ajabu. Tofauti ni kwamba mtu huchagua kwenda Serengeti. Akiona ni ghali, atabaki kwao atazame simba katika televisheni. Hakuna mtu anayechagua kuvunjika mkono Tunduma saa mbili usiku, na akishavunjika hawezi kuzunguka mji mzima akiulizia bei kama anayenunua mahindi. Mahali ambapo mnunuzi hana nafasi ya kukataa, muuzaji hana haki ya kujipangia bei apendavyo. Ndiyo maana bei ya hospitali lazima iwe na mama, na mama yake ni gharama.

Wenzetu wamelifikia jambo hili kwa njia mbalimbali. Huko England, mgeni asiye mkazi akitibiwa katika hospitali za umma hutozwa, tangu mwaka 2015, asilimia 150 ya bei ambayo mfumo wao wenyewe umeipiga hesabu. Unaweza kusema nusu ile ya juu ni nyingi, lakini angalau inajulikana ni nusu ya nini. Kuna hesabu chini yake. Na kuna mambo ambayo hawamtozi mgeni hata senti moja: kupokewa katika chumba cha dharura, kutibiwa kifua kikuu na, tangu mwaka 2012, kutibiwa virusi vya UKIMWI. Hawafanyi hivyo kwa huruma peke yake. Wamepiga hesabu wakaona kwamba mgonjwa wa kifua kikuu anayekimbia bili atawaambukiza Waingereza.

Mfano unaotufaa zaidi watu wa Tunduma unatoka Thailand, nchi inayopokea watalii wengi mno na ambayo pia ina mipaka iliyojaa majirani maskini. Mwaka 2019 wizara yao ya afya ilitoa viwango vipya vya hospitali za umma, ikawagawa wagonjwa mafungu manne. Kwanza raia wao. Pili, raia wa nchi jirani kama Laos, Kambodia, Myanmar na Vietnam. Tatu, wageni wanaoishi na kufanya kazi nchini humo. Na nne, watalii pamoja na wastaafu wa kigeni waliokwenda kupumzika, ambao hulipa zaidi kuliko wote. Sisemi tunakili kila tarakimu yao. Ninachosema ni kwamba walimwona jirani, wakampa fungu lake, hawakumsukuma katika fungu moja na tajiri aliyeshuka kwenye ndege.

Sasa turudi nyumbani. Zanzibar iliamua kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni wa kigeni anayeingia visiwani anunue bima ya safari kutoka Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44, nayo humlinda kwa siku 92. Kwa Zanzibar hilo lina mantiki. Karibu wageni wake wote hupita bandarini au uwanja wa ndege, na karibu wote wamekuja kupumzika. Akiugua, hospitali inajua nani wa kumdai. Kisha katika hotuba ya bajeti ya Juni 2025, Serikali ya Muungano nayo ikaleta pendekezo la bima ya namna hiyo kwa wageni wanaoingia Tanzania Bara, kwa dola hizo hizo 44. Ila wakaachwa nje raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa nchi za SADC.

Sikilizeni vizuri hapo. Zambia iko SADC. Kongo iko SADC, na tangu mwaka 2022 iko pia Afrika Mashariki. Malawi, Zimbabwe na Afrika Kusini, zote ni SADC. Kwa maneno mengine, bima ile ikipita Tunduma itamkamata Mholanzi mwenye baiskeli na wenzake wachache wenye mahema juu ya magari, na itawaacha wapite wale wote waliolala chini ya matela. Siilaumu Serikali kwa kuwaacha. Kumtoza dola 44 mama wa Nakonde anayevuka kuuza nyanya kungekuwa kichekesho cha mwaka. Lakini tusijidanganye kwamba tatizo la Tunduma limekwisha. Tumepata dawa ya Nungwi tukaipeleka kwa mgonjwa wa Tunduma.

Na mgonjwa mwenyewe ni nani? Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mgonjwa ni kituo cha afya cha Serikali. Fedha na dawa zinapogawanywa kwa halmashauri zetu, jambo kubwa linaloangaliwa ni idadi ya watu wa eneo hilo. Dereva wa Lubumbashi hamo katika sensa ya Tunduma. Shangazi wa Nakonde hamo. Lakini dawa wanazomeza zinatoka katika kabati lile lile. Mwisho wa mwezi mwananchi wa Tunduma anaandikiwa dawa, anafika dirishani anaambiwa zimekwisha, kanunue duka la nje. Anarudi nyumbani akiwalaani Wazambia. Kumbe Mzambia hana kosa, na mganga mkuu naye hana kosa; kosa ni la hesabu inayowahesabu watu wanaolala katika nyumba na kuwasahau wanaolala katika malori.

Dawa ya hapo si kumpandishia jirani bei. Dawa ni kuandika. Kila kituo kina vitabu vya MTUHA ambamo kila mgonjwa huandikwa. Kiandikwe kwa uangalifu pia mgonjwa ametoka nchi gani, kila siku, bila kubahatisha. Baada ya mwaka mmoja Halmashauri ya Mji wa Tunduma itakwenda wizarani ikiwa na tarakimu mkononi badala ya malalamiko. Na mkoa utaweza kukaa na wenzao wa ng'ambo wakaulizana: sisi tumewatibu watu wenu wangapi, nanyi mmewatibu wetu wangapi? Maana msafara huu hauendi upande mmoja. Zambia iliondoa ada katika vituo vya vijijini tangu mwaka 2006, na mtu wa mpakani huenda kule ambako nafuu iko karibu.

Jambo la kulipana namna hiyo si ndoto. Nchi za Umoja wa Ulaya zina kadi ya bima iliyoanza mwaka 2004, ambayo raia wa nchi moja akiugua akiwa katika nchi nyingine hutibiwa kwa masharti ya wenyeji, kisha Serikali zenyewe ndizo zinazotafutana kulipana. Mtaniambia Ulaya ni Ulaya. Sawa. Lakini tarehe 5 Oktoba 2019, Rais Magufuli na Rais Lungu walikuja hapo hapo Tunduma na Nakonde wakafungua kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja ili lori lisikaguliwe mara mbili. Ikiwa forodha wameweza kukaa na forodha kwa ajili ya shaba, wahasibu wa hospitali watashindwaje kukaa na wenzao kwa ajili ya watu?

Iko hata njia iliyokwisha kuwapo ambayo nadhani haitumiki kama inavyostahili. Malori mengi ya nchi za ukanda huu husafiri na bima inayojulikana kama Kadi ya Njano, iliyoanzishwa chini ya mpango wa nchi ambazo leo zinaitwa COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini katika mpango wa Kadi ya Njano ilibaki. Kadi ile hulipia madhara ambayo gari la kigeni limewasababishia watu wengine njiani, na pia gharama za matibabu ya dharura za watu waliokuwa ndani ya gari lenyewe. Kwa hiyo dereva aliyepinduka kwenye mteremko akaletwa hospitali bila fahamu, swali la kwanza la mhasibu lisiwe "ana fedha?" bali "kadi ya gari iko wapi?" Ipelekwe kwa shirika la bima, na hospitali idai huko.

Ama kuhusu dharura yenyewe, naomba tusibishane sana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Imesema mtu, haikusema raia. Anayetokwa damu azuiwe damu kwanza, uraia wake utafutwe baadaye.

Na iko dharura nyingine isiyotoka damu. Mwezi Mei 2020, ugonjwa wa korona ulipoonekana kwa wingi Nakonde, Zambia iliufunga mpaka kwa siku kadhaa, na foleni ya malori upande wetu mnaikumbuka. Kisha kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023 hadi 2024, Zambia ilipata kipindupindu kikali kilichowashika watu zaidi ya 20,000 na kuua zaidi ya 700. Hebu fikiria mtu aliyeanza kuharisha akiwa katika foleni pale Tunduma. Anajua kwamba akienda kituoni atadaiwa bei ya mgeni. Atafanya nini? Atabaki kwenye lori lake, atatumia kichaka kilicho karibu, na mvua ya kwanza itakipeleka kichaka hicho kwenye kisima cha mtu. Shilingi 50,000 tulizotaka kuziokoa zitatugharimu kambi nzima ya kipindupindu. Kwa magonjwa ya kuambukiza ya namna hiyo, bei sahihi kwa mgeni yeyote, awe wa Nakonde au wa New York, ni bure, na itangazwe hivyo kwa Kiswahili, Kibemba na Kiingereza mahali ambapo malori yanasimama.

Sasa nirudi kwenye sura, maana nilisema ile bei ya 200,000 ni kodi ya sura. Ubaya wa kodi hii ni kwamba inakosea kotekote. Mnyamwanga wa Nakonde, akijua kusalimia, atapita kama Mtanzania bila mtu kumshuku. Lakini Mtanzania mwenye asili ya Asia, aliyezaliwa Mbeya na babu yake amezikwa Mbeya, atatajiwa dola. Na hata tukisema basi tusitazame sura, tutazame kitambulisho cha Taifa, mkumbuke kwamba wako Watanzania wengi ambao wamejiandikisha na mpaka leo wana namba tu, au hata namba hawana. Bibi kizee wa Momba asiye na kadi asije akageuzwa Mzambia dirishani kwa sababu lafudhi yake ni ya mpakani. Mwenyekiti wake wa mtaa au mtendaji anamfahamu. Barua yake itoshe. Na palipo na shaka, mashaka yamfae mgonjwa.

Kilichobaki ni ubao. Ndiyo, ubao wa kawaida wa mbao au bati, ukutani, mahali ambapo kila anayeingia atauona: kumwona daktari kiasi fulani, kipimo cha malaria kiasi fulani, eksirei kiasi fulani, kitanda kwa usiku mmoja kiasi fulani. Safu ya kwanza mwananchi, safu ya pili jirani wa mpakani, safu ya tatu mgeni mwingine. Jirani nadhani alipe kama mwananchi kwa huduma ndogo za kituo cha afya, na gharama kamili pale anapokuja kwa makusudi kutafuta upasuaji mkubwa. Serikali imekuwa ikitangaza kwamba hospitali zetu kubwa zinapokea wagonjwa kutoka nchi jirani, na anayekuja kwa mpango huo anajua anakuja kununua. Na bei zote ziwe za shilingi. Hili si pendekezo langu tu. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zilikataza, isipokuwa kwa mambo machache, kutangaza na kudai bei za bidhaa na huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni. Yule aliyemtajia dola mgeni wangu, leo angekuwa anavunja kanuni.

Malipo nayo yapite kwa namba ya malipo ya Serikali, ile tunayoiita "kontroli namba", si mkononi. Na stakabadhi ieleze. Hapa nisisitize jambo ambalo wahudumu wengi hawalijui. Mtalii mwenye bima haogopi bili. Anaogopa karatasi mbaya. Kampuni yake ya bima huko Ulaya au Marekani itairudisha stakabadhi isiyosema ugonjwa ulikuwa nini, amepimwa nini, amepewa dawa gani, tarehe gani, kwa bei gani kila kimoja, na nani aliyetia sahihi na muhuri. Hospitali inayoandika vizuri italipwa gharama zake zote bila ugomvi, na mgeni atairudia au kuwaambia wenzake. Inayoandika "Matibabu" itaonekana ni ya wezi hata kama haikuiba chochote.

Niyasema haya kwa sababu kijana wangu wa Kiholanzi aliniandikia miezi miwili baadaye. Mkono ulikuwa umepona vizuri. Daktari wake wa huko alikuwa ameisifu kazi ya aliyemfunga hogo. Lakini bima ilikuwa imekataa kumrudishia fedha kwa sababu ya stakabadhi ile ya neno moja, akaniomba kama nitapita tena pale nimwombee nyingine. Nikapita. Dirishani alikuwapo mhudumu mwingine, binti mpole. Alifunua kitabu akaiona nakala, akachukua kalamu, akaitazama ile karatasi tupu kwa muda, kisha akaniuliza: "Sasa mzee, kwani bei ya hogo ni kiasi gani?"